Mchwa wa Nyuma ya Kilindo

Ukuta niliokuwa nikiula ulikuwa nyuma ya kilindo. Nyumba ya mama mkwe wangu huko Miyuji ilikuwa tembe, udongo mtupu kuanzia kuta hadi paa, na kilindo, lile pipa la magome ya mti la kuhifadhia uwele, kilisimama kwenye kona ya chumba nilicholala. Kati ya kilindo na ukuta palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Nilipitisha mkono, nikakwangua kwa kucha, nikapata kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, nikakiweka juu ya ulimi na kukiacha kiyeyuke chenyewe. Sikukitafuna. Niliogopa waliokuwa chumba cha pili wasije wakasikia mchanga ukisagika kwenye meno yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mimba yangu ya kwanza. Darasa la saba nilimalizia Ipagala, kwetu, nikakaa nyumbani, nikaolewa. Mume wangu alikuwa kibarua wa kuchanganya zege. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, watu walikuwa wakijenga kila upande wa mji, naye alifuata kazi Nkuhungu na mbali zaidi, akilala hukohuko kwenye majengo, nyumbani akija Jumapili mojamoja. Kwa hiyo mle ndani tulikuwa wanawake watatu: mama mkwe, ambaye ni mjane, wifi yangu, mdogo wake mume wangu, tuliyelingana umri, na mimi.

Mimi si mtu wa maneno. Hata leo mtu akinisalimu ghafla njiani, jibu hunitoka akiwa ameshapita. Pale nyumbani jambo hilo lilionekana ni adabu. Mama mkwe aliwaambia majirani, "Nimepata mkwe ametulia." Sikuwa nimetulia. Nilikuwa nauwaza ukuta.

Ilianza siku ya mvua ya kwanza. Paa la tembe likilowa baada ya miezi yote ile ya jua, nyumba nzima hutoa harufu, na harufu ile siku hiyo iliniingia hadi kooni, mate yakanijaa mpaka nikatoka nje kutema. Nilirudi ndani nikiwa nimeshaamua, ingawa sikujua nimeamua nini. Udongo huuzwa hata sokoni, vile vipande vya rangi ya majivu wanavyonunua wajawazito, na hakuna anayekushangaa. Lakini vile havikunitosha. Nilitaka ule wa ukutani, wenye vipande vya majani ndani na harufu ya moshi. Na kula nyumba ya watu, nyumba uliyowakuta wameijenga wao, hilo unamwambia nani?

Mwezi wa kwanza nilikwenda zahanati kupima mimba. Nesi alikuwa mgeni wa huku, mama mrefu kutoka milimani kaskazini, mwenye sauti ya mwalimu. Alinifunua kope za chini, akatazama. Kisha akanitoboa kidole na kuweka tone la damu kwenye karatasi nyeupe. Alikuwa na kijitabu chenye safu za rangi nyekundu, kutoka iliyokolea hadi iliyopauka kama chai ya watoto. Akaliweka tone langu kando ya safu hizo, akalisogeza chini, akalisogeza tena chini.

"Unakula udongo?" akaniuliza.

Nikatazama kadi yangu.

"Mdogo wangu, sikukamati. Nauliza tu. Unakula?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Wa sokoni au wa nyumbani?"

"Wa sokoni," nikasema. Huo ndio uongo wa kwanza.

Hakunifokea. Alivuta kiti chake karibu, akanionyesha tone langu lilipoangukia kwenye zile rangi. "Sikiliza vizuri," akasema. "Kila mwanamke akijifungua, damu inamwagika. Mwenye nyingi akimwaga kidogo, anainuka na kwenda zake. Wewe ukifika siku hiyo na damu hii, ukimwaga kidogo tu, mimi hapa sina cha kukurudishia. Na mtoto anakunywa kwenye hiyohiyo kidogo uliyonayo. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Usiku na mchana nilimwelewa.

Akanipa vidonge vya kuongeza damu. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa nesi. Alisema zamani walifundishwa kukataza tu, usile hiki, acha kile, na watu waliitikia ndiyo nesi, wakaenda nyumbani kuendelea. Sasa walikuwa wameitwa kwenye mafunzo mengine, wakaambiwa kwamba tabia haiachwi kwa kukemewa. Lazima kwanza ijulikane inakuja saa ngapi na inaingilia mlango gani. Akachukua daftari la shule, akalikata katikati kwa wembe, akanipa nusu.

"Unajua kuandika?"

"Polepole."

"Polepole inatosha. Kila ukila, andika. Ni saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa umetoka kufanya nini, moyo ulikuwaje. Usijizuie kwanza. Andika tu. Hamu ikikushika, weka ubuyu mdomoni, ondoka ulipo, tembea mpaka zizini na kurudi. Ukirudi bado unautaka, kula, lakini andika."

Wiki ile niliandika ukweli. Daftari nililificha chini ya godoro, na kila nilipoandika nilijifunza kitu. Niliona kwamba asubuhi siukumbuki udongo kabisa. Hamu hunijia mchana nikitoka kuchota maji, nikitua ndoo, nyumba ikiwa kimya na mimi peke yangu. Hunijia pia jioni za Jumamosi, nikisubiri kujua kama mume wangu atakuja. Sikuwahi kufikiri kwamba vitu hivyo vinahusiana. Nilikuwa nikidhani udongo unaniita tu wakati wowote unaotaka.

Siku moja kabla ya kurudi zahanati, nikazihesabu alama, moja kwa kila nilipokula. Siku nyingine zilikuwa mbili, siku nyingine zilijaa mstari mzima. Nikafikiria nesi akizisoma. Nikaona uso wake. Nikachana kurasa zile, nikaketi kizingitini, nikaandika nyingine. Jumatatu, mara tatu. Jumanne, mara mbili. Alhamisi, mara moja. Jumamosi, sikula. Ilinichukua mchana mzima kwa sababu nilitaka mwandiko uonekane wa siku tofauti. Pengine nilikandamiza kalamu, pengine nikailegeza. Zile kurasa za kweli nilizitia motoni chini ya chungu cha mlenda.

Nesi alisoma akitabasamu. Kisha akasimama. Benchi la nje lilikuwa limejaa wanawake, wengine na watoto mgongoni, akaniita nisimame kando yake.

"Mnamwona huyu? Wiki moja tu. Alikuwa anakula kila siku, sasa tazameni hapa. Hakuna dawa niliyompa ya kuacha. Ni kichwa chake mwenyewe na kalamu."

Mwanamke mmoja akasema, "Hongera, mama." Mwingine mnene aliyekaa mwisho wa benchi akanicheka, "Mimi nikiacha udongo si nitaanza kula watu?" Wote wakacheka. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Tangu hapo ukweli haukuwa na mahali pa kupita. Kila nilipokwenda zahanati kuna aliyeniita yule aliyeacha.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Bakuli la ubuyu nilikuwa nalo. Lakini nililiweka juu ya kilindo, kwa kuwa ndipo mahali pasipofikiwa na kuku, na sikuona kosa langu. Kila nilipoufuata ubuyu nilijipeleka mwenyewe penye ukuta. Nilikuwa namung'unya ubuyu upande huu wa mdomo na udongo upande ule, na daftarini naandika, leo sikula.

Mwezi wa tatu nesi alinitoboa tena kidole. Aliliweka tone kwenye karatasi, akalisogeza chini ya zile rangi. Akachukua karatasi nyingine, akanitoboa kidole cha pili.

"Vidonge unameza?"

"Nameza." Hilo lilikuwa kweli.

"Udongo?"

Yeye akalifungua daftari, akaliona, akajijibu mwenyewe. "Basi ni chakula. Nani anakupikia nyumbani?"

"Tunapika wote."

"Kesho njoo na mama mkwe wako."

Mama mkwe alijifunga kitenge chake kizuri, kile cha kanisani. Alidhani ameitwa kwa heshima. Tulifika, nesi akamsalimu shikamoo, akampa kiti palepale barazani, mbele ya benchi lilelile.

"Mama, huyu mkwe wako anakula nini?"

"Anakula tunachokula. Ugali wa uwele, mlenda. Maziwa yakipatikana, yeye ndiye anayekunywa."

"Nyama? Maharage? Dagaa?"

"Nesi, huu mwezi wa tatu. Mashamba ndiyo kwanza yanatoa masuke. Nani ana maharage?"

"Damu yake inashuka, mama. Huyu mwenzenu anajitahidi, hata udongo ameacha, daftari lake hili hapa. Sasa na ninyi nyumbani mnamsaidiaje? Akija kunifia hapa mkononi, nitasema nini?"

Mama mkwe hakumjibu nesi. Aligeuka akanitazama mimi. Sijasahau mtazamo ule: hakuwa na hasira, alikuwa ananisubiri. Alisubiri niseme hata neno moja, kwamba nakula vizuri, kwamba sinyimwi. Nilikuwa nalo neno hilo. Lilikuja hadi kwenye meno, likaishia hapo.

Njiani alitangulia. Tulipopita kwenye viwanja vipya, kule walikopanda mawe ya mipaka katikati ya mashamba ya watu, akasema bila kugeuka, "Wamesikia wote kwamba nakunyima."

Kesho yake aliondoka kabla ya jua kali, kwa miguu, kwenda kwa dada yake Nkuhungu. Alirudi alasiri na dagaa kwenye fundo la kanga na maharage ya kutosha sufuria ndogo. Akapika, akanipakulia mimi peke yangu, akaketi mbele yangu akinitazama nikila hadi mwisho. Yeye na wifi walikula ugali na mlenda.

"Kula wifi, usituonee aibu," wifi akasema. "Sisi harufu inatutosha. Leo nimeshiba harufu ya maharage mpaka naona usingizi."

"Nyamaza," mama mkwe akamwambia.

"Si natania, mama. Wifi mwenyewe anajua. Eti wifi?"

Nikatabasamu. Nilimeza dagaa wa mwanamke aliyeaibishwa kwa ajili yangu, na mchana uliofuata, nilipotua ndoo, mkono wangu ulipita nyuma ya kilindo kana kwamba si wangu.

Kilindo nacho kilikuwa kinakwisha. Uwele wa mwaka uliopita ulikuwa umebaki chini kabisa, na pipa lililokuwa haliinuliki na watu wawili likawa jepesi. Hilo sikuliwaza. Siku moja nilikwenda bombani, foleni ya ndoo ikawa ndefu, nikachelewa. Nyuma yangu mama mkwe alikisogeza kilindo ili afagie chini yake, akaliona tundu. Lilikuwa limefika ukubwa wa kichwa cha mtoto, kando kabisa ya nguzo inayobeba paa, na chini yake kulikuwa na vumbi laini na makombo.

Mtu wa tembe akiona kitu hicho hawazi mara mbili. Ni mchwa. Mchwa wakiingia kwenye nguzo, huoni kitu nje. Siku moja ya mvua paa lote la udongo linashuka juu ya waliolala. Mama mkwe alikuwa ameshazika ndugu wa nyumba iliyoanguka namna hiyo. Hakungoja. Kulikuwa na machinga anayepita mitaani na dawa za kila kitu, za panya, kunguni na wadudu wa mahindi, amezifunga kwenye vipande vya magazeti. Mama mkwe alichukua ya mchwa, akaikoroga na udongo mbichi, akalijaza tundu, akalisawazisha kwa kiganja. Kisha akakirudisha kilindo mahali pake.

Mimi nilifika na ndoo kichwani jua likiwa limeanza kuinama. Mama mkwe na wifi walikuwa uani, upande wa nyuma, wakipepeta. Nilisikia ungo. Nikatua ndoo. Nyumba ilikuwa kimya, saa yangu ileile, na ndani kulikuwa na harufu ya udongo mbichi uliolowa. Sikujiuliza imetoka wapi. Mvua haikuwa imenyesha, na sikujiuliza. Nilipitisha mkono, vidole vikazama kwenye kitu laini, nikachota tonge, si punje tena, tonge, nikalitia mdomoni.

Nilikuwa nimeshameza kidogo ulimi ulipokataa. Ulikuwa ukali wa ajabu, mchungu, unaochoma, wenye harufu kama ya mafuta ya taa. Nikatema kiganjani. Ule udongo ulikuwa na chembe nyeupe.

Ungo ukanyamaza huko nje. Sauti ya mama mkwe ikaja kupitia ukutani:

"Umerudi? Usiguse nyuma ya kilindo! Nimewatia dawa mchwa!"

Nilisimama pale na kiganja wazi. Nitasema ukweli, kwa kuwa wakati ule niliusema nusu. Wazo la kwanza halikuwa mtoto. Wazo la kwanza lilikuwa kusukutua mdomo, kulisawazisha tundu na kunyamaza. Nilichota maji kwenye ndoo, nikasukutua, nikatema mlangoni, nikasukutua tena. Ulimi ulibaki na ganzi. Ndipo nikaweka mkono tumboni. Tangu mwezi uliopita alikuwa akicheza kila nikitoka bombani, nikitua tu ndoo, anageuka. Nilibonyeza upande wa kushoto. Nikabonyeza kulia. Hakugeuka.

Nikatoka nje, nikazunguka nyumba. Walikuwa wameketi juu ya ngozi ya ng'ombe, ungo katikati.

"Mama," nikasema.

"Ee."

"Wale si mchwa."

"Mchwa, mwanangu. Nimeona kwa macho yangu. Wamekula hivi," akaonyesha kwa mikono.

"Ni mimi."

Wifi ndiye aliyeelewa kwanza. Akaniangalia mdomo, akaona weupe pembeni, akacheka, kicheko kifupi cha kushtuka. "Kumbe mchwa wetu anavaa kitenge!" Kisha kicheko kikakatika. "Mama. Mama, amekula sasa hivi!"

Mama mkwe aliinuka, ungo ukapinduka, uwele ukamwagika kwa kuku. Alinishika taya, akanifungua mdomo kama mtu anavyomfungua mbuzi, akanusa. "Umemeza?"

"Kidogo."

"Kiasi gani? Sema! Leo usininyamazie, sema!"

Nikasema. Nikaonyesha kwenye ncha ya kidole. Alikimbia ndani, akatoka na kile kipande cha gazeti, akakifunga kwenye pindo la kanga, akanishika mkono. Hakuwahi kunishika mkono kabla ya siku hiyo. Tulikwenda hivyo hadi zahanati, yeye akinivuta, wifi nyuma akisema kila hatua, "Usikae wifi, usikae, twende."

Nesi alikuwa anafunga dirisha. Mama mkwe alieleza yote kwa pumzi moja, nusu Kiswahili, nusu Kigogo, na nesi akaelewa. Alinusa gazeti, halikuwa na jina wala alama yoyote. Alinilaza. Alinimulika machoni, akanisikiliza kifua, akauliza kama mate yananijaa, kama natokwa jasho, kama naona vizuri. Akamtuma mhudumu akatafute gari la kunipeleka hospitali ya mjini. Mhudumu akarudi: gari limekwenda na watu wa mikutano ya chama, halijulikani litarudi saa ngapi.

"Anacheza?" nesi akaniuliza.

"Tangu saa ile, hapana."

Alichukua kile kifaa chake cha bati, kama tarumbeta ndogo, akakiweka tumboni na kutia sikio. Akakisogeza. Akainua mkono tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Nje kulikuwa na mbuzi, akatoa ishara wamfukuze. Nilitazama nywele zake karibu na kidevu changu, nikawaza, kama hasikii kitu, sitaki anyanyue kichwa. Abaki hivyohivyo.

Akanyanyua kichwa. "Moyo upo. Unakwenda mbio, lakini upo."

Mama mkwe aliketi sakafuni.

Tukaanza kusubiri. Kila muda kidogo nesi alinimulika macho na kusikiliza tena. Wifi alisimama mlangoni akilingojea gari. Katikati ya kusubiri huko, nesi alichukua daftari langu, alilobaki nalo tangu siku ile alipomwita mama mkwe, kutoka kwenye kabati lake, akalifungua ukurasa aliokuwa ameupigia alama kwa kalamu nyekundu.

"Hizi ulizoandika?"

"Si za kweli."

"Tangu lini?"

"Wiki ya kwanza tu ndiyo ilikuwa kweli. Nikaichoma."

Akalifunga. Nilianza kulia. Kisha akamgeukia mama mkwe, si mimi. "Mama, nilikukosea mbele za watu. Nitakuomba radhi mbele ya watu walewale." Halafu akanigeukia. "Na wewe nilikukosea zaidi. Nilikupa daftari la kusema ukweli, halafu nikakusimamisha nikakupigia makofi. Nani angeweza kusema ukweli baada ya hapo?"

Sikujua nesi anaweza kusema hivyo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na matusi ningeyaweza.

Jua lilikuwa limefika ukingoni mwa dirisha aliposikiliza tena. Kifaa kilikuwa bado tumboni wakati mtoto alipokipiga, kikaruka kidogo. Nesi akasema, "Aa!" akajishika sikio. Wifi akasema kutoka mlangoni, "Mchwa mdogo kaamka." Mama mkwe alicheka huku machozi yakimtoka, akamtupia kanda mbili moja. Gari lilipofika, walinipeleka mjini hata hivyo, nikalala huko siku moja wakinitazama. Dawa niliyoimeza ilikuwa kidogo, na nilikuwa nimesukutua mapema. Walisema nimebahatika.

Damu ilikuwa bado chini, na miezi miwili tu imebaki.

Safari hii nesi alinipa daftari zima. "Sitalisoma mbele ya mtu. Na sitasema vizuri wala vibaya. Tutatazama tu," akasema. Nilianza tena na alama zilizojaa mstari. Nilipomwambia kwamba hamu hunijia nikitua ndoo, nyumba ikiwa kimya, aliuliza kama kuna mtu anayeweza kuwepo saa hiyo. Nikamtazama mama mkwe, aliyekuwa amenisindikiza.

Mama mkwe hakujua kusoma, lakini jambo hilo alilishika kuliko mimi. Alibomoa udongo wote wenye dawa, akaufukia mbali, akaukandika ukuta upya kwa samadi na majivu. Kilindo alikihamishia chumbani kwake, kitanda changu akakigeuzia upande wa mlango. Ubuyu ukawekwa jikoni. Na kila nilipotoka bombani, nilimkuta amesimama mlangoni ananisubiri, ananitua ndoo, ananiketisha nje na karanga za kukaanga, ananipigisha hadithi za watu wa zamani mpaka ile saa inapita. Siku za kwanza nilijibu "ee", "ee", nikiuwaza ukuta. Baadaye nikaanza kuuliza maswali. Jioni aliniuliza, tukiwa wawili tu, "Leo mara ngapi?" Nikimwambia nne, aliitikia kwa kichwa. Nikimwambia moja, aliitikia vilevile.

Mwezi wa tano, tone langu lilipanda safu moja. Moja tu. Nesi alisema ni bora kuliko kushuka, lakini hatanizalisha pale, akaniandikia barua ya hospitali. Nilijifungua mjini, mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Damu ilimwagika. Niliwaona wakiharakisha, nikasikia mmoja akisema leteni kadi yake, na nikawaza zile rangi, ile safu moja niliyoipanda, kama inatosha. Walinikanda tumbo, wakanichoma sindano, wakanikanda tena. Ikakoma. Daktari alitazama kadi, akauliza nani alikuwa akinifuatilia huko kijijini.

"Sote," mama mkwe akasema kutoka mlangoni.

Mvua ya kwanza ya msimu uliofuata ilinyesha mchana. Mtoto alikuwa amelala, paa likalowa, harufu ikashuka. Nilikuwa peke yangu, au nilidhani hivyo. Nilisimama mbele ya ukuta, nikangojea hamu ipite, nikatembea hadi mlangoni, nikarudi. Nikakwangua kipande, punje moja, nikakiweka ulimini.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa kizingitini, kanga imelowa mabegani. Aliona mdomo wangu umefungwa. Alinitazama, akamtazama mtoto, akaliendea godoro, akainua pembe yake na kulitoa daftari.

"Andika," akasema.

Nikaandika.